Mtoto Msumbufu Darasa la Kwanza: Anza na Masikio, Kisha Maneno, Ndipo Uje kwenye Tabia

Ikifika wiki ya tatu tangu shule zifunguliwe Januari, mwalimu wa darasa la kwanza hapa Moshi, awe Pasua, Njoro au huko juu Kibosho na Uru, tayari ana majina manne au matano kichwani. Huyu hatulii. Huyu ukimwita hageuki. Huyu wakitoka mapumziko lazima ampige mtu. Huyu akiongea wenzake wanacheka kwa sababu maneno hayaeleweki. Huyu hajafungua mdomo tangu alipoletwa. Mwongozo huu ni wa mwalimu huyo, na wa mzazi au bibi anayeitwa shuleni kwa ajili ya mtoto wa namna hiyo. Tumeuandika tukijua kwamba darasa lina watoto 80, dawati linabeba wanne, na hakuna msaidizi.

Mtoto wa miaka sita au saba anayesumbua, mara nyingi ana jambo asilokuwa na neno la kulisemea. Pengine hasikii vizuri. Pengine lugha ya darasa bado ngeni kwake. Pengine neno analo lakini halitoki kwa wakati, na mkono unatangulia. Ukimkataza kitendo bila kumpa neno la kuweka mahali pake, atatafuta kitendo kingine. Ndiyo maana mpangilio tunaoufuata ni masikio na macho kwanza, lugha ifuate, halafu utaratibu wa darasa zima, na mpango wa mtoto mmoja mmoja uje mwisho. Wengi wetu walimu huanzia mwishoni, na hapo ndipo nguvu zinapoishia.

Pima masikio na macho kabla hujamwita mtu mkaidi

Kipimo cha mnong'ono hakihitaji kifaa. Mtoe mtoto nje, chini ya mti au nyuma ya ofisi, mahali pasipo na kelele. Siku ya mvua usijaribu, kwa sababu mabati yanazima kila kitu. Simama nyuma yake, umbali wa mkono ulionyooka, asione midomo yako. Mwambie azibe sikio moja kwa kidole akisuguasugua taratibu ili lisisikie. Toa pumzi yote, ndipo unong'one maneno matatu mafupi anayoyajua, kwa mfano "mbili, kofia, tisa". Ayarudie. Akikosea hata moja, nong'ona mengine matatu tofauti. Akipata angalau matatu kati ya yote sita, sikio hilo limepita. Hamia sikio la pili kwa maneno mapya. Mtoto mmoja huchukua dakika mbili hivi. Ukiwapima kumi kwa siku, darasa la 80 linaisha kwa siku nane.

Kosa linaloharibu kipimo hiki ni kunong'ona kwa nguvu kwa sababu unamwonea mtoto huruma na unataka afaulu. Ndiyo maana tunatoa pumzi kwanza: mapafu yakiwa matupu, sauti haipandi. Kosa jingine ni kutumia maneno ambayo mtoto hayajui, ukadhani hasikii kumbe haelewi. Kwa mtoto aliyelelewa kwa Kichagga au Kimaasai, muulize mwenzake wa nyumbani majina ya vitu vitatu kwa lugha hiyo, unong'one hayo.

Mtoto asiyepita aende zahanati na barua ya shule. Sikio linalotoa usaha linatibika, lakini likiachwa miezi linakula usikivu. Wazazi waambiwe wazi wasiweke mafuta ya kupikia, majani wala pamba iliyosokotwa. Zahanati ikishindwa itampa rufaa, na Moshi tuna bahati: hospitali ya KCMC ina idara ya masikio, pua na koo. Wakati anasubiri, mkalishe dawati la mbele, sikio zima likielekea upande unaosimama zaidi, na acha kuzungumza huku umegeukia ubao. Hili la mwisho linasaidia darasa zima.

Macho nayo hupimwa kwa karatasi moja. Chora herufi E yenye urefu wa milimita 17 hadi 18 na upana huohuo, kwa wino mweusi. Kila mstari na kila nafasi kati ya mistari iwe milimita 3.5. Pima mita 6 kwa kamba, mahali penye mwanga wa kutosha. Mtoto afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, aonyeshe kwa vidole vyake E inaelekea wapi. Igeuze mara nne. Asipopata angalau tatu, aende akapimwe na mtaalamu. Mtoto ambaye "anachungulia daftari la mwenzake" huenda ubao wenyewe haumfikii.

Kuna jambo la tatu linalopita bila kuonekana. Yuko mtoto anayekatika ghafla: macho yanakaza, kope zinapepesa, hasikii akiitwa, kisha baada ya sekunde kumi au ishirini anaendelea kuandika kana kwamba hakuna lililotokea. Huweza kumtokea mara nyingi kwa siku. Walimu huita kuzubaa, na wengine humgusa kwa rula. Hiyo inaweza kuwa aina ya kifafa isiyoangusha mtu, na ina dawa. Andika saa na muda kila unapoiona kwa siku tano, mpe mzazi karatasi hiyo aende nayo hospitali. Maelezo yako yatamsaidia daktari kuliko neno "anazubaa".

Na kabla ya yote, uliza nani amekunywa uji. Mtoto aliyeteremka kutoka mlimani kwa miguu tangu alfajiri na hajala, ifikapo saa nne anakuwa mgomvi au analala. Huyo mpango wake wa tabia ni kikombe cha uji.

Lugha ya nyumbani na lugha ya darasa

Watoto wa mjini wengi wanakuja na Kiswahili chao. Ukipanda mlimani utakuta mtoto aliyelelewa na bibi kwa Kichagga; ukishuka tambarare, wa Kimaasai au Kipare. Mtoto anayeingia kwenye lugha mpya huweza kunyamaza kwa wiki au miezi huku akikusanya. Haya ni mambo ya kawaida wala si ugonjwa, mradi uone dalili kwamba anaelewa zaidi kila wiki: anafuata maagizo, anacheka panapochekesha, anamvuta mwenzake mkono. Usimlazimishe kusimama mbele na kusema. Mpe kazi za kuonyesha: "Niletee chaki", "Onyesha picha ya ng'ombe".

Kinachowaokoa watoto hawa haraka ni maneno ya kuishi. Haya ndiyo yanayotakiwa kufundishwa kabla hata ya a, e, i, o, u: naomba kwenda chooni, sijaelewa, rudia tena mwalimu, nisaidie, nimemaliza, naumwa hapa, ananisumbua, acha, sitaki, naomba nafasi yangu, naomba nicheze na nyie. Yafundishe mawili kila siku kwa kuigiza, dakika tano kabla ya kengele ya mapumziko, ili watoke nayo wakayatumie. Watoto wawili wanakuja mbele, mmoja anajifanya amechukua penseli ya mwenzake, wa pili anasema, "Naomba penseli yangu." Darasa zima linarudia. Kesho yake anza na ya jana. Kwa juma moja kumi yameingia, juma la pili ni la kuongeza lililobaki na kuyarudia yote. Muhimu: mtoto akilitumia neno hilo kweli, lifanye kazi. Akisema "naomba kwenda chooni" ukamjibu "kaa chini", umemfundisha kwamba maneno hayasaidii, na kesho atajikojolea au atatoroka.

Kumvisha mtoto kibao shingoni kwa sababu ameongea lugha ya nyumbani hakumfundishi Kiswahili wala Kiingereza. Kunamfundisha kunyamaza, halafu tunalalamika kwamba hajielezi.

Matamshi yachambue kwa haki. Mtoto akisema "zahabu" kwa dhahabu, "selasini" kwa thelathini, au "gali" kwa ghali, sikiliza kwanza mtaa wake: huenda kila mtu anasema hivyo. Hiyo ni lafudhi, na itarekebishika akisikia sauti sahihi mara nyingi. Lakini mtoto wa miaka saba anayesema "tuku" kwa kuku na "titabu" kwa kitabu, au asiyeeleweka hata na ndugu zake, huyo anahitaji msaada zaidi. Wa aina zote mbili, namna ya kuwajibu ni moja:

"Mwalimu, titabu yangu imepotea."

"Kitabu chako kimepotea? Kitabu cha hesabu au kitabu cha kusoma?"

"Cha hesabu."

Tazama kilichofanyika. Mwalimu hakusema "sema kitabu". Amelitaja neno sahihi mara tatu, kwa sauti ya kawaida, mazungumzo yakaendelea, na hata "yangu imepotea" imenyooshwa njiani ikawa "chako kimepotea". Ukimsimamisha mtoto arudie mbele ya wenzake, atachagua kutolalamika tena kitabu kikipotea. Na mzazi akija na habari ya kumpeleka mtoto kukatwa kimio mtaani ili aongee vizuri, mzuie: kimio hakihusiani na tatizo hilo, na kinachopatikana ni damu na maambukizi.

Kigugumizi kinastahili maelezo yake. Mtoto akikwama, usimmalizie neno. Usimwambie "tulia", "vuta pumzi" wala "anza upya", hata kama una nia njema. Maneno hayo yanamwongezea mzigo wa kufikiri juu ya mdomo wake. Mtazame usoni kama unavyomtazama mwingine, subiri, kisha jibu alichosema. Wewe mwenyewe punguza kasi. Mtoto hufuata mwendo wa anayeongea naye. Wakati wa kusoma kwa sauti, usifuate mstari wa madawati, maana mtoto wa kigugumizi anayehesabu watu watano kabla yake hufika zamu yake akiwa ameshakakamaa. Msomeshe mapema, au asome pamoja na mwenzake kwa sauti moja. Wenye kigugumizi wengi husoma bila kukwama wanaposoma kwa pamoja, na kuimba ni hivyohivyo. Anayemcheka aelezwe faragha, siyo kwa hotuba ya darasa zima huku mwenye shida akiangaliwa na macho mia na sitini.

Namna ya kuuliza ili ajibu

"Tumeelewana?" "Ndiyoooo!" Jibu hilo la pamoja halikuambii lolote, asiyesikia, asiyeelewa na aliyelala wote wameitika. Badala yake uliza swali lenye jibu la vidole: "Tatu na nne ni ngapi? Ficheni vidole kifuani, nikisema onyesha, onyesheni." Kwa kutazama mara moja unajua nani yuko wapi, na mtoto asiyeongea naye amejibu.

Unapomwuliza mmoja, fuata mpangilio huu. Taja swali kwanza kwa darasa zima. Hesabu kimoyomoyo hadi tano. Ndipo utaje jina. Hesabu tena hadi tano. Kwa mtoto mzito wa maneno, hadi kumi. Sisi walimu kwa kawaida hatusubiri hata sekunde mbili, tunahamia kwa mwenye mkono juu, na watoto walewale sita ndio wanaosoma shule kwa niaba ya wengine. Sekunde tano za ukimya zinatisha siku mbili za kwanza. Siku ya tatu utaona mikono mipya. Akishindwa bado, mpe la kuchagua: "Ni mbuzi au ni kuku?" Akishindwa na hilo, akuonyeshe kwa kidole. Usimwache akae chini bila kuwa amejibu kitu.

Darasa zima likijua la kufanya, wasumbufu hupungua

Agizo liwe moja, fupi, la kutendeka. "Acheni fujo" si agizo, kwa sababu halisemi wafanye nini. "Mikono juu ya dawati, macho kwangu" ni agizo. Maagizo matatu kwa pamoja, kama "fungeni madaftari, tokeni kwa mstari, msisahau vikombe", mtoto mwenye shida ya lugha atashika la mwisho tu, atakimbilia kikombe, ataonekana mkaidi. Toa la kwanza, liishe, toa la pili.

Ishara ya kunyamaza ichague moja, isibadilike mwaka mzima. Ya makofi inatosha: mwalimu anapiga matatu, darasa linajibu mawili, kisha mikono inatua mezani. Ifanyieni mazoezi dakika kumi kwa siku, wiki nzima, kama mnavyofundisha wimbo. Kinachoiua ishara hii ni mwalimu mwenyewe kuanza kuongea kabla kimya hakijakamilika. Ukifanya hivyo mara tatu, umewaambia makofi ni mapambo.

Sifa nazo ziwe na jina la kitendo. "Vizuri sana" haimwambii mtoto amefanya nini. "Neema ameinua mkono akasubiri, asante Neema" inawafundisha 80 kwa mpigo. Kipimo kinachotumika na wengi ni sifa nne kwa kila karipio moja. Weka punje nne za mahindi mfuko wa kulia. Kila ukisifu hamishia moja kushoto. Usikaripie kabla punje hazijahama. Ni zoezi la mwalimu, na linafaa kufanywa angalau wiki moja ili ujisikie unavyoongea.

Kadi za ratiba

Hiki ni chombo cha bei ndogo chenye faida kubwa kwa mtoto anayepandwa na hasira kila somo linapobadilika. Nunua bango moja la manila, maka peni nyeusi, solotepu pana na dazeni moja ya vibanio vya nguo. Vyote unavipata ukizunguka kidogo soko la Mbuyuni. Kata kadi za sentimita 12 kwa 12. Chora kadi nane kwa mistari minene: fagio, kitabu wazi, namba 1 2 3, kikombe cha uji, choo, mpira, penseli, nyumba. Andika neno chini ya kila picha kwa herufi ndogo za kitabuni, zikiandikwa kwa ukubwa wa kuonekana. Zifunike kwa solotepu pande zote mbili, la sivyo vumbi la Agosti na mikono ya watoto zitazimaliza kabla ya mtihani.

Funga kamba ukutani, usawa wa macho ya mtoto, yaani sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni. Tundika kwa vibanio kuanzia kushoto kwenda kulia kufuata siku ilivyo. Somo likiisha, mtoto mmoja anaigeuza kadi yake upande mweupe, na wote wanaona inayofuata. Mpe kazi hiyo yule asiyetulia. Ana sababu halali ya kusimama mara nane kwa siku.

Kwa kawaida huharibika hivi: kadi zinatundikwa juu karibu na dari kama picha za ofisini, au mwalimu anasahau kuzigeuza, ikifika Alhamisi bado ni Jumanne, au ratiba inabadilika bila kadi kubadilika. Wageni wamekuja, mvua imezuia michezo, kuna kikao. Tengeneza kadi ya tisa yenye alama kubwa ya kuuliza, iwe ndiyo kadi ya badiliko, uitundike asubuhi na kusema, "Leo saa tano kuna jambo jipya." Mtoto anayechanganyikiwa na mabadiliko atakubali badiliko aliloambiwa mapema.

Mpango wa mtoto mmoja: daftari la siku saba

Baada ya yote hayo, watabaki wawili au watatu. Hao wafungulie daftari. Usichukue zaidi ya watatu kwa wakati mmoja, huwezi. Kila tukio liandike kwa mambo manne: saa, nini kilitangulia, alifanya nini hasa, nini kilifuata. "Alifanya fujo" halifai. "Alimpiga mwenzake ngumi mgongoni" linafaa.

Hivi ndivyo ukurasa unavyoweza kuonekana. Jumatatu saa 4:40, mstari wa uji, mkubwa kamsukuma, akampiga aliyekuwa mbele yake, akatolewa kwenye mstari. Jumanne saa 4:35, mstari wa uji, mwenzake kapita mbele, akamrushia kikombe, akatolewa. Jumatano hakuna tukio. Mvua, uji uligawiwa darasani. Alhamisi saa 4:40, mstari wa uji, tena.

Siku nne zimesema yote. Huyu si "mgomvi". Ana shida na mstari wa uji, anapopoteza nafasi na hana neno la kuidai, na Jumatano ndiyo shahidi. Mpango wake ni mfupi: siku tatu aigize darasani na mwalimu kusema "naomba nafasi yangu" huku ameinua kiganja, mwalimu wa zamu aambiwe kwamba kiganja hicho kikiinuliwa, afike, na kwa wiki ya kwanza mtoto awe miongoni mwa watano wa mbele. Wiki ya pili mrudishe katikati. Na ile adhabu ya kutolewa kwenye mstari iachwe, kwa sababu mtoto mwenye njaa anarudi darasani mbaya kuliko alivyotoka.

Tabia nyingi huwa na moja ya sababu nne. Mtoto anataka kitu. Au anataka macho ya watu. Au anakwepa kazi. Au mwili wenyewe unadai, kama vile kuruka, kuzunguka, kutafuna kola. Kitendo kinaweza kuwa kilekile, dawa zikawa mbalimbali, na hapa ndipo makosa makubwa yanapofanyika. Mtoto anayerusha karatasi kila somo la kuandika, akatolewa nje, amepata alichotaka: hakuandika. Kesho atarusha mbili. Huyo mbakize, lakini punguza kazi: sentensi mbili badala ya sita, na mfundishe kusema "nisaidie". Yule anayerusha karatasi ili wenzake wacheke, ukimgombeza kwa dakika tatu mbele ya darasa umemlipa. Huyo mpe macho kabla hajayatafuta, kila baada ya dakika tano pita, mguse bega, mtaje kwa jema dogo. Akirusha, geuka, endelea na somo. Anayetafuna kola na kutikisa dawati mpe kazi ya mwili: kubeba ndoo, kufuta ubao, kugawa madaftari.

Jiandae kwa jambo moja. Ukiacha kulipa tabia iliyokuwa inalipwa, siku za mwanzo itaongezeka. Mtoto anajaribu kwa nguvu njia iliyokuwa ikimfaa. Walimu wengi hukata tamaa hapo, siku ya tatu, wakarudi kwenye karipio, na mtoto amejifunza kwamba akizidisha anapata. Mpe mpango siku kumi za shule kabla ya kuuhukumu, ila kama kuna hatari ya kuumia mtu.

Akishapandwa kabisa na hasira, si wakati wa kufundisha. Punguza maneno na sauti, waondoe wenzake badala ya kumburuta yeye, simama ubavuni na siyo usoni. Mkeka kwenye kona unatosha kuwa mahali pa kutulia, dakika tatu hadi tano, na mkeka huo usitumike kamwe kwa adhabu. Mazungumzo yafanyike baadaye, baada ya mapumziko.

Kuhusu fimbo tuseme wazi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaweka mamlaka kwa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko havizidi vinne. Na kila adhabu inaandikwa kitabuni. Mwalimu anayetembea darasani na fimbo mkononi hana ruhusa hiyo. Lakini hata sheria ingekuwa imenyamaza, mtoto anayechapwa kwa sababu hakusikia hatasikia zaidi, na woga ni kitu cha kwanza kufunga ulimi wa mtoto ambaye ulimi wake ndio tunaotaka ufunguke.

Kuongea na nyumbani

Hapa kwetu anayekuja shuleni mara nyingi ni bibi. Wazazi wako Dar es Salaam au Arusha wanatafuta. Usimsemeshe getini mbele ya watu. Mkalishe, anza na jema, leta jambo moja tu, na omba msaada mmoja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Haya, kafanya nini tena huyu?"

"Karibu ukae. Juzi amegawa madaftari darasa zima bila kukosea, nimefurahi. Kuna kitu nataka unisaidie. Akiudhika anapiga kabla ya kusema. Nyumbani akitaka kitu huwa anasemaje?"

"Mwanangu, huyo haongei. Anavuta tu nguo."

Bibi amekupa habari ambayo daftari lisingekupa: hata nyumbani maneno hayatoki. Sasa omba jambo moja: "Jioni mkimenya ndizi, mwulize leo umecheza na nani, kisha nyamaza mpaka ajibu. Akijibu kwa Kichagga ni sawa kabisa. Dakika kumi tu, kila siku." Malizia kwa kumwomba asimchape kwa lililosemwa shuleni. Mtoto akigundua kwamba barua ya mwalimu inaleta fimbo, hamtapata tena ukweli wake, wewe wala bibi. Makosa ya mtoto yasiandikwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi hata bila jina. Darasa lina watoto 80 na kila mtu atamjua.

Jambo likizidi uwezo wa darasa

Wataalamu wa matamshi ni wachache sana nchini, hivyo msikae mkiwasubiri. Anzeni na afisa elimu anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri. Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha upande wa Tengeru, huandaa walimu wa elimu maalumu, na aliyesomea huko akiwa shule jirani anaweza kuja siku moja kumtazama mtoto. KCMC kuna wataalamu wa tiba kwa vitendo, ambao husaidia sana watoto wenye shida ya utulivu na ya mikono. Mtoto anayepoteza maneno aliyokuwa nayo apelekwe hospitali wiki hiyohiyo. Anayebadilika ghafla, anayeogopa kurudi nyumbani, au mwenye alama mwilini, mwone afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, na haina malipo. Usianze kumhoji mtoto huyo wewe mwenyewe mara kwa mara. Sikiliza alichosema, andika maneno yake yaleyale, peleka.

Desemba, kabla ya kufunga shule, kila mtoto mwenye daftari aandikiwe ukurasa mmoja kwa ajili ya mwalimu wa darasa la pili: sikio lipi linasikia vizuri, anakaa wapi, maneno gani ya kuishi tayari anayatumia, nini humwudhi, nini humtuliza, na nani nyumbani wa kumpigia. Ubandikwe ndani ya jalada la daftari lake la hesabu, maana hilo ndilo la kwanza kufunguliwa Januari.